Katikati ya Picha Alikuwepo Mtu

Mwanangu Tekla,

Hali yako siulizi, maana naisikia kupitia ukuta. Uko chumbani na baba yako mnagombana na zipu ya begi, naye anakwambia ulikalie ili lifunge, na wewe unacheka. Mimi niko huku mbele studio. Nimewaambia nina picha za pasipoti za kukata, lakini picha zenyewe nilishazikata mchana. Nimekaa kwenye kile kiti wanachokalia wateja, nikiangaliana na kamera. Kumbe mtu akikaa hapa anajisikia kama mshukiwa. Ndiyo maana watu wa Sumbawanga wote wana sura ya kukasirika kwenye vitambulisho vyao, na mimi miaka yote nimekuwa nikiwalaumu.

Kesho nitakupa barua hii stendi, na nitakuomba uifungue basi likishatoka mjini. Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango, kutotoa namba ya siri, kumpigia shangazi yako ukifika, baba yako ameyasema mpaka mate yamemkauka, siyarudii. Mimi nitakusemesha kuhusu kazi yetu. Najua utasema, haya, Mama ameanza. Nivumilie. Mwishoni nina jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo tangu juzi, na sitaki ulikute kabla hujasikia mengine.

Unanijua kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nilimshuku mwenye nyumba, nikamshuku aliyetuuzia ile stendi ya kamera ya miguu mitatu, nikamshuku padri mgeni kwa sababu alikuwa anatabasamu kabla ya kusalimiwa. Wengi wao niliwaonea. Lakini kwenye picha za mandhari, kushuku ndiko kulikonifundisha. Niliujua uso wa mtu kwa haraka, kwa sababu mtu ukimwambia geuka anageuka. Mlima haugeuki. Ni wewe wa kuzunguka, na hutazunguka kama unaamini kila unachokiona ukiwa umesimama pale ulipofika kwanza.

Kwa hiyo ukifika mahali pazuri, pashuku. Moyo ukishasema "hapa hapa," weka kamera chini kwanza. Pale uliposimama ndipo kila mtu aliposimama, kwa kuwa ndipo gari linapoegeshwa. Tembea. Panda juu, teremka, piga magoti hata kama suruali ni mpya, kisha geuka uangalie nyuma yako. Mara ngapi tumekwenda kupiga jua linapochomoza, na kumbe kitu chenyewe kilikuwa mgongoni, kilima kimewaka rangi ya ulezi uliokomaa na sisi tumekipa kisogo. Wewe ndiye uliyekuwa unaniambia, "Mama, geuka." Nilikuwa najifanya sijasikia, halafu nageuka polepole ili ionekane ni wazo langu.

Mwanga wa mchana ushuku kuliko vyote. Saa sita jua linamwaga mwanga kutoka juu, kila kitu kinalala chapati, bonde halina kina na mti hauna upande. Wateja wanaupenda kwa sababu wanaona kila kitu. Wewe usitake kuona kila kitu. Subiri mwanga wa ubavuni, wa asubuhi au wa jioni, unaopita juu ya ardhi ukiipapasa, kila kijinundu kikatoa kivuli chake. Huku kwetu uwanda wa juu maana yake ni kuamka na baridi, vidole havitaki kubonyeza, na mvuke wa mdomo wako unaingia mbele ya lenzi. Pumulia pembeni. Na ukitoka kwenye baridi ukaingia jikoni kwenye moto, kamera ibaki kwenye begi mpaka ijizoee, la sivyo kioo kitatokwa na jasho na utapangusa mpaka uchoke. Hilo nililipata kwa kuharibu harusi ya watu, bwana harusi alionekana kama amefufuka kutoka kwenye ukungu.

Moshi nao ushuku. Mwezi huu wa tisa watu wanachoma nyasi, na jua linazama jekundu kabisa, watu wa mjini wanatoa simu na kusema ajabu za Mungu. Ni moshi tu. Piga ukitaka, ni rangi nzuri, ila ujue umepiga moto wa shamba la mtu. Kama unataka kuliona bonde la Rukwa kutoka juu ya ukingo, subiri mvua ya kwanza inyeshe na iache. Hewa inakuwa imeoshwa, unaona mpaka kingo za mashamba ya mpunga kule chini. Ukienda kabla ya hapo, unaona kile unachotaka kuona, kama nilivyoona mimi ziwa.

Hii hukuwahi kuisikia vizuri, ulikuwa mdogo na baba yako anaisimulia kwa kuongeza chumvi. Nilikwenda ukingoni, kiangazi, na lenzi ndefu ya kuazima. Kule chini kwenye ukungu wa joto nikaona mkanda mweupe umelala, mrefu, unang'aa. Nikasema moyoni, leo nimelipata Ziwa Rukwa. Nikaipiga, nikaichapa kubwa, baba yako akaitengenezea fremu ya mninga kwa mikono yake, maana yeye anaamini picha yoyote inayotosha kwenye fremu. Tukaiweka dirishani na maandishi chini yake: Ziwa Rukwa likionekana kutoka juu. Watu walikuwa wanasimama kuitazama na mimi ndani nimevimba kichwa.

Akaja Msukuma mmoja mfugaji kutoka Mtowisa, kule bondeni, mzee wa makamo, amekuja kupiga picha ya kitambulisho. Alisimama dirishani kwa muda mrefu. Kisha akaingia, akanisalimia kwa adabu, akasema, "Mama, ziwa lako hili lina kwato."

Sikumwelewa. Akaanza kunieleza taratibu, kwamba upande ule ziwa haliko kabisa, na ule mkanda mweupe ni vumbi la ng'ombe wakipelekwa maji, wake na wa jirani zake, na hata njia yenyewe akaifuata kwa kidole kwenye kioo. Unadhani nilimshukuru? Nilimshuku. Nilijiambia huyu ana wivu, au anataka nimpunguzie. Nikampiga picha yake, akaenda, na picha ya ziwa ikabaki dirishani. Ila machale yalikuwa yameshanicheza. Nikawa naiangalia kila asubuhi ninapofungua. Siku moja nikapanda lori tupu la mahindi lililokuwa linateremka, joto la kule bondeni likanipokea kama limenisubiri, nikaenda kusimama pale pale lenzi yangu ilipokuwa imeelekea. Kulikuwa na njia ya ng'ombe na vumbi lililofika kwenye vifundo vya miguu. Tone la maji hakuna.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja, na kama utasahau zote hii usiisahau. Picha ukishaipiga kutoka mbali, nenda kasimame pale ulipopapiga. Mahali penyewe pa ndani ya picha. Muulize anayekaa hapo, hapa ni wapi, na hiki ni nini. Wapiga picha wengi hawateremki. Wanapenda kule juu kwa kuwa kule juu hakuna wa kuwabishia.

Lenzi nazo zinasema uongo, kila moja kwa namna yake. Ile ndefu inavuta milima ikakaa mgongoni kwa nyumba za watu, utadhani inataka kuziangukia. Ile pana inasukuma kila kitu mbali, ng'ombe anakuwa kisisimizi na nyumba ya mtu inakuwa nukta. Usiseme nakukataza. Tumia uongo huo, ndiyo kazi. Weka kitu karibu, jiwe au kichaka, ili jicho lipate pa kuanzia kabla ya kutembea mpaka kule mwisho. Kagua pembe zote za picha kabla hujabonyeza, maana ushenzi wote hujificha pembeni: kidole chako, mfuko wa plastiki, mguu wa stendi. Upepo wa huku ukivuma, funga mfuko wa mawe chini ya stendi itulie. Lakini wewe mwenyewe ujue ni nani amedanganya, lenzi au wewe.

Na sasa nafika kwa yule bwana wa koti la mifuko mingi.

Tangu siku aliyoingia hapa studio na kusema ameiona picha yako kwenye simu huko aliko, sikumpenda, na wote mnajua. Baba yako alimpa kiti kizuri. Wewe ulisimama kama bibi harusi. Akaishika simu yako kwa mikono miwili, akasema, "Hii ardhi inapumua. Safi kabisa, hakuna kinachovuruga." Nikasema moyoni, haya, mwanangu anavikwa kilemba cha ukoka. Nikamuuliza picha anazipeleka wapi. Akasema ni za kuitangaza Rukwa. Kwa nani? Kwa wanaoipenda. Wanaipenda kwa ajili gani? Akacheka, akasifia chai yangu. Chai yenyewe siku hiyo ilikuwa imeungua, Tekla. Mtu anayesifia chai iliyoungua atashindwa kusema nini kingine?

Wanasema kizuri chajiuza. Mbona yeye alikuja mwenyewe mpaka huku, akatoa kazi ya kudumu kwa msichana ambaye picha yake aliyoiona ni moja tu? Nilisema hivyo usiku ule na wewe ukalia, ukasema mimi sitaki uondoke, ndiyo sababu. Na kweli, sitaki. Sikubishii. Mama gani anataka? Lakini kutotaka kwangu ni kitu kimoja na yule bwana ni kitu kingine, na kosa langu ni kwamba nimevichanganya miezi yote hii mpaka hakuna anayeweza kuvitenganisha, hata mimi.

Ile picha yako aliyoipenda naikumbuka kuliko wewe unavyodhani, kwa sababu nilikuwa nimesimama kando yako. Ilikuwa mwezi wa sita, tumelala kwa bibi yako kule njia ya Kate. Tulipanda kwenye lile jiwe kabla ya jua, baridi inakata masikio, na ukanipa mimi nishike mfuko kwa kuwa vidole vyako vilikuwa vimekufa ganzi. Jua lilipotoka lilikuja ubavuni, chini chini, na shamba lote la bibi yako likainuka. Kila intumba, yale matuta yetu ya duara ya nyasi na udongo, ilipata upande wa mwanga na upande wa kivuli, mamia yake, yamepangana mpaka kwenye mteremko, na ukungu umekaa katikati yake. Ulisema "Mama" tu, hukumaliza. Nami nikapata machozi, nikasingizia upepo.

Sasa nikuulize kama mgeni. Mtu asiye Mfipa, aliyeketi ofisini mbali, akiziona zile intumba mwezi wa sita, nyasi zimekaukia juu yake na maharage yameshang'olewa, anaona nini? Anaona vichuguu. Anaona pori lenye manundu. Hajui kwamba bibi yako alizikata nyasi zile wakati wa mvua, akazikusanya, akazifunika kwa udongo jembe kwa jembe mpaka mgongo ukagoma, akapanda maharage juu, na kwamba ndani sasa hivi nyasi zinaoza ziwe mbolea. Hajui kwamba mvua zikirudi kila moja itabomolewa na kutandazwa, na ulezi utamwagwa hapo. Lile ni shamba liko kazini. Linafanya kazi likiwa limelala. Sisi tunajua kwa sababu tumezaliwa humo. Kamera haijui, na mwanga ule mzuri wa ubavuni ndio unaozidisha kulifanya lionekane ni pori.

Kilichokuwa kinasema kwamba lile ni shamba ni bibi yako mwenyewe. Alikuwa chini pale, katikati, ameinama na lile shuka lake jekundu, anang'oa maharage ya mwisho. Na kule kushoto ghala lake la mahindi, na njia yake nyembamba aliyoikanyaga tangu alipoolewa na babu yako.

Kwenye picha yako hawamo.

Juzi ulipokuwa unaosha vyombo nilikuuliza kwa kuzunguka, nikasema ile picha ya kwa bibi uliipigaje hata yeye asionekane. Ulinijibu bila hata kugeuka, huna hili wala lile: "Nilimtoa, Mama. Lile jekundu lilikuwa linavuta jicho. Mbona siku hizi kila mtu anafanya." Nikauliza, na ghala? Ukasema na ghala. Na njia? Ukageuka sasa, ukaniangalia. "Mama, wewe hata jua likichomoza unalishuku." Baba yako akacheka mpaka akashika meza. Mimi pia nikacheka. Lilikuwa neno zuri. Nikaenda kulala na kile nilichokuwa nakijua sijakisema.

Nilichokuwa nakijua ni hiki. Asubuhi ya juzi bibi yako alinipigia kwa simu ya jirani. Alisema wageni wamekuja kijijini na mtu anayetaka eneo la kupanda miti, eneo kubwa, na wamebandika picha ukutani pale ofisi ya kijiji, kubwa kama mlango. Wanakijiji wameambiwa mteremko wote ule haujatumika, picha inaonyesha wazi, hakuna shamba, hakuna nyumba, hakuna mtu. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji wa kuamua kama apewe. Bibi yako alitoka nyumbani akaenda kuiangalia. Unamjua hasomi, lakini kiwanja chake anakijua hata gizani. Kisha akaniambia:

"Mama Tekla, nimejitafuta pale ukutani. Asubuhi ile nilikuwepo, na nyie mlikuwa juu ya jiwe mnanipungia. Nani amenitoa?"

Nikamwambia sijui. Ndivyo nilivyomjibu mama mkwe wangu: sijui, mama, nitaulizia.

Sijui kama yule bwana alijua picha itafanyiwa nini. Huenda naye aliiuza tu kwa wengine bila kuuliza, kama wewe ulivyompa bila kuuliza. Sina ushahidi, na sitakudanganya kwamba ninao. Ila picha ni ile, niliomba mtu anitumie, na ncha ya lile jiwe tulilosimama juu yake imeingia pembeni kulia, ulisahau kuikagua. Na wewe najua hukujua. Hata kidogo. Ulitaka picha itulie, na ikatulia. Ulifanya kile ambacho mimi mwenyewe nilikufundisha, ondoa kinachovuta jicho bila sababu. Sikukufundisha vya kutosha kuuliza kama kina sababu. Mlima usio na mtu hauna hata kimo, hujui ni mkubwa au ni kichuguu, na nilikwambia hilo mara nyingi kama jambo la urembo tu. Lingekuwa la urembo tu nisingekaa hapa naandika.

Kwa nini sikukwambia usoni? Hapo ndipo panaponiuma. Nilifungua mdomo jana mara kadhaa. Kila mara nikajiona kama utakavyoniona: mama ambaye hataki mtoto aondoke, ameshamshuku mwajiri, ameshaishuku barabara, na sasa, begi likiwa linapangwa na majirani wamekuja kula, ameibuka na mkutano wa kijiji. Nimeshuku watu hovyo mpaka siku nimeshika kitu cha kweli mkononi, sauti yangu imekuwa ya kuzoeleka, kama jogoo anayewika saa yoyote. Baba yako angesema niache. Wewe ungelia. Nikaona bora uisome ukiwa peke yako, mimi sipo mbele yako kukukasirisha.

Bibi yako mbele ya watu ataambiwa mzee amechanganyikiwa. Picha itasema hayupo na yeye atakuwa amesimama pale. Akishindwa, ule mteremko unaondoka pamoja na intumba zote, zake na za wenzake walio jirani, na yeye atahamia kule chini kwenye mawe ambako hata mbuzi hawashibi. Ana nguvu za misimu michache iliyobaki. Hawezi kuanza kuinua udongo upya kule.

Mimi asubuhi ile nilipiga picha moja, kwa kile kikamera changu cha zamani, nimeitafuta nikaipata. Ni mbaya, upeo umeinama, na kiwiko chako kimeingia. Lakini bibi yako yumo, na shuka lake, na ghala, na njia. Nimeichapa kubwa leo mchana, wewe ulipokwenda kuaga marafiki zako. Ijumaa nitakwenda nayo, Jumamosi nitasimama mkutanoni. Nimejaribu kutafuta maneno ya kusema bila kukutaja. Nimejaribu "kuna mtu alifuta." Nimejaribu "kompyuta zinafuta." Yote yanaifanya picha yangu ionekane ndiyo ya uongo, maana wataniuliza, wewe umejuaje? Kwa hiyo nitasema ile iliyoko ukutani ni ya mwanangu Tekla, tulisimama pamoja, na aliyemtoa bibi yake ni yeye. Nitalisema jina lako mbele ya watu wanaojua ulizaliwa nyumba gani. Nimeona nikwambie mapema ili usije ukasikia kwa mwingine.

Safari sikuzuii. Unajua kusubiri mwanga kuliko mimi, na jicho lako lingepotea bure hapa kwenye picha za pasipoti. Nataka uende na uwe mkubwa. Lakini basi la Mbeya linasimama Laela abiria wanakunywa chai, na magari ya kurudi huku yapo mpaka jioni. Tukiwa wawili, na wewe ndiye unayesema kwa kinywa chako nilimtoa, alikuwa hapa, mtu hawezi kuwaambia wanakijiji kwamba ni hila ya mama mwenye mashaka. Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Yule bwana anakutegemea Jumatatu, na akisikia ulichosema huenda asikutake tena. Huenda wakubwa wake wasikutake wala wengine wanaofahamiana nao. Sina kazi nyingine ya kukupa badala yake zaidi ya hii studio, na najua haikutoshi.

Kama hutateremka, sitakuita mbaya. Nitamwambia bibi yako ulikuwa umeshaondoka, na hiyo itakuwa kweli. Utapiga picha nyingi nzuri huko uendako, nami nitazitazama kwenye simu kila moja, na kila moja nitakuwa natafuta nani alikuwemo.

Mimi ni mtu wa kushuku, mwanangu, siwezi kujibadilisha usiku mmoja. Nashuku kwamba utaimaliza barua hii kabla ya Laela, utaikunja vizuri, utaitia kwenye begi, na utabaki umekaa. Nimewashuku wengi nikakosea. Nakuomba, nikosee na kwako.

Mama yako